Sifa za Kikaratasi cha Shuleni

Nimeziona katika umri wangu nyaraka za kila namna zinazoheshimiwa na watu: hati za mashamba zenye mihuri, samansi za mahakama, barua za chifu zinazofunguliwa kwa salamu na kufungwa kwa vitisho, walakini sijaona waraka unaotiiwa upesi na kwa unyenyekevu kama kile kipande cha karatasi, robo ya ukurasa wa fulskepu, kilichochanwa kwa rula hata ukingo wake ukaota manyoya, ambacho mtoto hukitoa ndani ya soksi yake saa tatu ya usiku wa Jumapili, maduka yote ya Ewuaso yakiwa yamekwisha fungwa, akakinyoosha juu ya goti na kusema kwa sauti ya mtu asiye na hatia, "Baba, mwalimu alisema kesho."

Nataka kukisifu kikaratasi hicho. Lucian, mtu wa Shamu aliyeandika kwa Kiyunani katika karne ya 2, alimtungia nzi sifa nzima, na nzi, kwa kadiri nimjuavyo, hajapata kumwamuru mtu mzima aamke alfajiri akatafute gundi.

Mimi ni mtu wa pwani niliyevutwa bara na riziki, na riziki yangu ni duka la rejareja hapa Ewuaso Kedong, katika njia itokayo Ngong kwenda Suswa, mahali ambapo msafiri, akiisha kuvipita vilima vya Ngong na kuiacha nyuma ile mitambo mirefu ya upepo, huteremka katika bonde la joto na vumbi na migunga yenye miiba. Ewuaso kwa Kimaasai maana yake ni mto, na maji tunayanunua kwa mtungi, mgongoni mwa punda. Waswahili wenzangu walipopita katika bonde hili la Kedong mwezi wa Novemba mwaka 1895, wakiwa katika msafara uliokuwa ukirudi kutoka Ravine, waliwakosea wenyeji adabu wakakutana na mikuki, wakafa kwa mamia pamoja na wapagazi wa Kikikuyu. Mimi nimekaa hapa miaka kumi na mitatu kwa amani na jirani zangu, sijaona mkuki ulioinuliwa juu yangu, ila vikaratasi napigwa navyo kila juma.

Tazameni kwanza usemi wake. Hakina maneno mengi, hakitaji sheria wala faini. Huanza kwa "Mpendwa Mzazi," na mzazi, ambaye pengine hakuitwa mpendwa na kiumbe yeyote tangu siku ya harusi yake, hulainika moyo papo hapo. Ndipo huja lile neno "tafadhali," ambalo katika lugha ya shule ni amri isiyokatiwa rufaa, na nyuma ya tafadhali huja orodha. Na orodha hiyo ina hikima ya ajabu ya kutotaka kitu kilichopo. Ikitaka manila, huitaka ya samawati wakati dukani kwangu iko nyeupe. Ikitaka majani makavu, huyataka msimu wa masika, na ikitaka mabichi, ni mwezi wa Septemba, wakati ambapo hata ng'ombe wameyasahau. Mwaka mmoja kilitaka kinyago cha kutishia ndege. Nilikisoma mara mbili. Zao letu hapa ni mbuzi, na ndege hawali mbuzi, basi sikujua ni ndege wa shamba gani waliokusudiwa kutishwa; lakini nilitafuta fimbo mbili nikazifunga msalaba, nikazivika kanzu yangu kuukuu, nikaijaza nyasi kavu, na kwa kuwa amri ilitaja kofia, na kofia ya bure sikuwa nayo, nikakivika ile ya kushonwa kwa mkono niliyotoka nayo Lamu, kwa sharti kwamba irudi jioni. Nikakisimamisha uani kilale huko. Asubuhi nikakuta mbuzi wa jirani wamekwisha maliza nyasi za tumboni, na kofia imo kinywani mwa beberu. Kilichobaki tulikipeleka shuleni, nacho kikapewa daraja la "Kukaribia Matarajio". Na mimi nadhani aliyefikia matarajio hasa ni yule beberu.

Wenye ghadhabu husema kwamba mashaka haya yaliletwa na mtaala wa umilisi, ulioingia madarasani nchi nzima Januari 2019 kuchukua mahali pa ule wa 8-4-4 uliokuwapo tangu 1985, na ambao humtaka mzazi ashiriki katika masomo ya mwanawe. Ghadhabu hiyo ilipanda hata Septemba 2021 wakili mmoja akaufikisha mtaala mbele ya Mahakama Kuu, na magazeti yakaijadili kesi kwa siku nyingi. Na katika siku hizo hizo mimi nilikuwa nimepiga magoti chini ya kaunta nikitafuta vifuniko ishirini vya chupa, vyote vya rangi moja. Sikumshitaki mtu. Zamani elimu ilinipita bila kunigusa: mtoto alikwenda shule, akarudi, nikamwuliza, "Umesoma?" naye akasema, "Nimesoma," na hapo tukawa tumekamilisha mazungumzo ya siku ile. Ni kikaratasi kilichonikalisha sakafuni mbele ya taa, mkasi mkononi, na ni usiku huo wa mkasi nilipong'amua kwamba binti yangu, ambaye wakati huo nilikuwa baba yake kwa miaka minane, hukata kwa mkono wa kushoto.

Asidhani mtu kwamba enzi ya kikaratasi inakoma Afrika. Ndugu yangu, mtoto wa Lamu kama mimi, ambaye babu zake hawakuijua barafu ila ndani ya bilauri ya sharubati, anaishi Toronto, na mwanawe anacheza hoki ya barafuni. Na kwa kuwa viwanja vya barafu ni vichache na wachezaji ni wengi, watoto wadogo hupangiwa mazoezi alfajiri, basi ndugu yangu huamka giza la kaskazi yao, akakwangua theluji juu ya kioo cha gari, akakaa katika viti vya baridi akimtazama mtoto akianguka. Kikaratasi chake huja kwa simu. Nilimwuliza anapata nini kwa taabu hiyo, akanijibu kwamba anapata kahawa.

Lakini nirudi bondeni, maana hapa ndipo kikaratasi kinapofanya miujiza yake. Jirani yangu, yule mwenye mbuzi, ni mzee wa Kimaasai wa ukoo mkubwa wa Keekonyokie, mtu wa mifugo mingi na maneno machache, ambaye hakupata kwenda shule na ambaye kitinda mimba wake husoma darasa moja na binti yangu. Kikaratasi kikifika bomani kwake hukichukua mpaka dukani kwangu nimsomee, na mimi nikiisha kumsomea kiasi cha fedha, yeye hukihesabu kwa mbuzi. Safari ya makumbusho Nairobi ni mguu wa mbuzi. Picha ya darasa ni sikio. Sare ya kwaya ni mbuzi mzima pamoja na kengele yake. "Hii karatasi," aliniambia siku moja akikipima kiganjani, "ni ndogo, lakini inakula kama fisi." Na kwa kuwa wachuuzi wa soko la mifugo la Kiserian si wajinga, na wanajua majira ya shule kuliko wakaguzi, mtu aliyekuja na beberu mmoja Jumatatu asubuhi, macho mekundu, ncha ya karatasi ikichungulia mfukoni mwa koti, hupunguziwa bei kabla hajafungua kinywa. Mzee amejifunza. Siku hizi hukificha kikaratasi ndani ya kiatu, akasimama mnadani kwa uso wa mtu asiye na mtoto hata mmoja.

Mwaka jana shule iliingia katika mashindano ya Tamasha la Muziki la Kenya, hilo lililoanzishwa mwaka 1927 na ambalo hupanda ngazi kwa ngazi, kutoka kanda hadi kaunti, kutoka kaunti hadi jimbo, mpaka taifa. Na watoto wetu wawili walichaguliwa katika kwaya, kuimba wimbo wa jadi wa Kimaasai. Vikaratasi vikanyesha. Changu kilitaka binti avae ukosi wa shanga nyekundu, nyeupe na buluu, upana inchi nne, ufanane na wa wenzake wote. Cha jirani kilikuja usiku huo huo, lakini kwa jambo lingine: mwanawe alete Ijumaa mfano wa gari moshi la SGR, lile ambalo tangu Oktoba 2019 hutoka katika pango la Ngong, kilomita nne na nusu chini ya mlima, likapita bondeni kwetu kwenda Suswa bila kutusalimu. Basi tukakaa kaunta, mimi na mzee, waraka wake na waraka wangu, tukatazamana kama watu wawili walioandikiwa dawa isiyo yao. Mimi shanga sijui. Yeye katoni hana. Mkewe, ambaye hutunga shanga tangu utotoni na huziuza Ngong, aliuchukua ule wangu akasomewa vipimo na rangi, akacheka hata akaketi, akauliza ni Wamaasai wa wapi hao wanaovaa hivyo. Lakini kikaratasi kimekwisha sema, na kwa usiku tatu akautunga kama kilivyotaka, inchi nne, bila kuzidisha ushanga mmoja, akikunja uso kila aingizapo buluu mahali ambapo yeye asingeiweka. Mimi nikatoa katoni sita za sabuni. Nikakata mabehewa, nikatoboa madirisha kwa msumari wa moto, nikafanya magurudumu kwa vifuniko vya chupa vilivyobaki, na mzee akachuchumaa kando yangu akishika gundi, akinitahadharisha kwamba taa ya mbele iko juu zaidi, maana yeye hulitazama gari moshi kila siku akichunga, na mimi sijapata kulitazama ila mara mbili. Lilipokwisha aliliinua, akalizungusha, akauliza, "Ng'ombe wanapita wapi?" Tukakata kivuko chini ya reli.

Kaunti yetu imechorwa na mtu aliyependa watu wasafiri. Mtoto wa Ewuaso akitaka kuimba Kajiado mjini hupanda mpaka Ngong, akateremka Kiserian, akakata nyika mpaka Isinya, ndipo akashika barabara ya Namanga kwenda kusini. Nasi wazazi wawili tulifunga duka na boma, tukaondoka giza ili tuwasikie. Tuliambiwa saa tatu. Saa tatu ilikuwa ya hotuba. Saa sita ilikuwa ya shule za Kitengela, zilizokuja kwa mabasi yao zenyewe zikiwa na ngoma za kukodi, na saa nane ilikuwa ya mvua ya dakika kumi iliyowafukuza watu na kuwarudisha. Mzee alilala ameketi, mikono juu ya rungu, na mimi nilihesabu moyoni mauzo ya sukari niliyoyakosa. Ilipotimu saa kumi kasoro robo wakapanda jukwaani watoto thelathini, binti yangu akawa wa pili kutoka ukingoni, ukosi ukiruka mabegani mwake kwa mapigo, na mtoto wa mzee akatangulia mbele kuongoza wimbo. Sina elimu ya muziki, wala Kimaasai changu hakipiti bei na salamu. Niliona tu kwamba mzee amesimama, na kwamba kinywa chake kinatembea pamoja na cha mwanawe bila kutoa sauti. Zikapita dakika nne au tano, wakashuka. Walikuwa wa tatu, na wanaoendelea mbele walikuwa wawili. Basi tukarudi usiku tukiwa tumebanana, watoto wamelala juu yetu, shanga zikinichoma shingoni mpaka Kiserian, na nilipofungua mlango nikakuta mke wangu amenihifadhia ugali na kikaratasi cha siku ya michezo.

Juzi mzee alikuja dukani akitafuta kitambulisho chake, maana alikuwa ametakiwa kujaza fomu fulani, akaweka juu ya kaunta bati la biskuti lililoota kutu, akalifungua kwa kisu. Ndani mlikuwa na hati ya shamba, kadi ya chanjo ya mtoto, stakabadhi za mnada, na chini kabisa, vimefungwa kwa uzi wa shanga, vikaratasi vyote nilivyomsomea tangu mwanawe aanze shule.

"Hivi tulikwisha lipa, mzee," nikamwambia. "Havina kazi tena."

Akavipekua polepole mpaka akakipata kimoja alichokijua kwa doa la chai, akanipa, kichwa chini miguu juu. "Hii ni ya Kajiado. Soma."

Nikakigeuza, nikaanza: Mpendwa Mzazi, tafadhali…

"Hapana, hapo pa pesa wacha. Hapa juu, kwa jina."

Nikamsomea jina la mwanawe, lililoandikwa kwa wino wa kijani juu ya mstari wa nukta, nusu yake imekwisha kufifia kwa jasho la soksi. Akanipokonya taratibu, akakirudisha katika furushi, akafunga uzi, akafunika bati, akasema nimpimie sukari nusu kilo.