Mpelelezi Aliyeingia Bandani

Sisi tuliokulia Nyasho, Musoma, tulisoma hadithi za picha kwa vipande, na hatukuona ubaya wowote. Mama muuza maandazi alifungia bidhaa yake kwenye magazeti ya zamani, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, kila mteja alipata karatasi yenye upana uleule hata kama mkato umepita katikati ya kicheko. Ndivyo nilivyomjua Chakubanga, yule mhusika wa mchoraji Christian Gregory aliyeanza kuwachekesha wasomaji wa gazeti la Uhuru miaka ya 1960. Chakubanga wangu siku zote alikuwa na doa la mafuta kifuani. Nilipokuja kumwona kwenye gazeti safi, nilidhani ni mgonjwa.

Baada ya maandazi likaja jarida la Sani. Waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, waliunganisha mianzo ya majina yao wakapata jina la jarida, jambo ambalo mimi na rafiki zangu tulijaribu kuliiga kwa majina yetu tukapata neno lisilotamkika mbele ya wazazi. Humo mlikuwamo akina Madenge, Ndumilakuwili na Lodilofa. Philip Ndunguru, aliyewachora wengi wao, alifariki mwaka 1986 akingali kijana, lakini wahusika hawakuzikwa naye. Mikono mingine ilishika kalamu ikaendelea. Mtaani tuligombana hadi kurushiana mawe juu ya swali moja: Lodilofa amenenepa, au amebadilishiwa mchoraji?

Kununua nakala yako mwenyewe lilikuwa jambo la watoto wenye baba bandarini Mwigobero. Wengine tulikodi kwa kijana mmoja aliyekuwa na masharti kuliko maktaba. Unanawa mikono. Unakaa kwenye ngazi ya kwao, huondoki na kitu. Ukurasa wa mwisho husomi wewe: anakusomea yeye kwa sauti, kwa ada yake ya pekee, na ukichelewa kulipa anakusomea mwisho wa hadithi nyingine. Kama hakuishia kuwa mtu wa benki, taifa limepata hasara.

Nayasema haya ili ieleweke kwamba nilipokuja kukutana na nakala iliyoharibika, nilikuwa mtu mzima mwenye mafunzo ya kutosha.

Riwaya yenyewe ilikuwa ya picha, ikitoka kwa matoleo. Jina lake sitalitaja, maana mchapaji wake anatafuta riziki kama sisi sote, na yaliyompata yangeweza kumpata yeyote mwenye mashine, karatasi na usingizi. Ilikuwa na kurasa 32, jalada la rangi, ndani nyeusi na nyeupe. Shujaa wake alikuwa mpelelezi mwenye kofia ya pama ambayo haikuwahi kumdondoka, hata pale alipotumbukia ziwani. Adui yake alikuwa jambazi wa begi jeusi. Toleo jipya lilitoka lilipojisikia, na sisi wapenzi wake tulilitafuta kwenye kila stendi.

Stendi ya Bunda ndiyo ilikuwa na bahati. Basi la kutoka Mwanza likisimama pale, madirishani hujaa mayai ya kuchemsha, karanga, maji, saa za mkononi na vitana, na siku hiyo, katikati ya mayai na vitana, ikapenya ile kofia ya pama. Nililipa, konda akapiga bodi, basi likaondoka na chenji yangu ikabaki Bunda. Sikujali. Nilikuwa nakwenda kumsalimia shangazi yangu Butiama, na njia nzima ilikuwa yangu na mpelelezi wangu.

Kurasa nane za kwanza zilikwenda vizuri mno. Usiku. Mvua. Mpelelezi amesimama mbele ya mlango wa bati, tochi mkononi, na ndani kunasikika sauti. Anainua mguu ili aupige teke mlango. Nikahamia ukurasa wa 9, na sentensi ya kwanza ikasema: shingo hupinda, kinyesi huwa cha kijani, na kifo hufuata baada ya siku chache.

Nikajisemea, mwandishi huyu mwaka huu hana masihara.

Sentensi ya pili ilinishauri nichanje kuku wangu wote dhidi ya kideri kila baada ya miezi mitatu, tone moja katika jicho moja. Chini yake palichorwa mkono umemshika tetea kwa upole, na tetea ametoa jicho kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Nikarudi nyuma. Mlango, mguu, tochi. Nikaenda mbele. Tetea. Mama aliyekaa kiti cha jirani, ambaye nilidhani amelala tangu Lamadi, akanishika mkono. “Usifunue haraka mwanangu, hiyo ya kuku sijaimaliza.”

Ukurasa wa 11 mpelelezi alirudi, lakini sasa yumo ndani ya mtumbwi, mkono umefungwa bendeji, na hakuna aliyejisumbua kueleza. Nikamkubali hivyohivyo. Hadithi ikakolea tena, jambazi akafukuzwa hadi ukingoni, akakamatwa kola, na kwenye picha ya mwisho ya ukurasa wa 22 akasalimu amri na kupaza sauti kwamba aliyemtuma ni... Nikahamisha macho. Ukurasa wa 23 ulijaa picha ya jogoo. Jogoo mkubwa, amesimama kwenye kichanja cha banda bora, kifua mbele, anatazama moja kwa moja machoni pa msomaji.

Rafiki yangu aliyewahi kufanya kazi kwenye matbaa Mwanza alinieleza baadaye jinsi mambo haya yanavyotokea. Kitabu cha kurasa 32 kinachobanwa kwa pini katikati kina karatasi nane tu, zilizokunjwa na kulaliana. Kila karatasi hubeba kurasa nne: mbili upande wa mwanzo wa kitabu, mbili upande wa mwisho. Kwa hiyo ukurasa wa 9 na wa 10 ni karatasi moja na wa 23 na wa 24. Sasa weka kazi mbili za kipimo kimoja juu ya meza moja, fundi anazunguka akiokota karatasi moja kila rundo, mara anaitwa kunywa chai. Akirudi, mkono unaokota rundo la jirani, na hadithi inajeruhiwa sehemu mbili kwa kosa moja. Alinichorea kwenye kipande cha boksi, nikaelewa. Nilichoelewa zaidi ni lile ambalo yeye hakulisema: kama kuku wameingia kwenye upelelezi, basi mahali fulani katika nchi hii mpelelezi ameingia kwenye kuku.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile nilishuka Makutano, nikapanda Noah iliyobeba watu wa mabasi mawili, nikafika Butiama nikiwa na manung'uniko. Kwa shangazi si mbali na Mwitongo, alikozikwa Mwalimu Nyerere, na jioni huwa anakuja mzee jirani kunywa chai. Kama wazee wote wa Butiama wa umri wake, alicheza bao na Mwalimu. Na kama wote, anasema alimshinda. Nilimwonyesha kitabu nikitaraji anionee huruma. Alikipekua polepole, akanirudishia.

“Mwalimu mwenyewe alitafsiri kile cha Kaizari cha Shakespeare, kikatoka mwaka 1963. Hakuridhika. Akakirudia, kikatoka upya mwaka 1969. Miaka sita! Wewe na jogoo wako tangu saa nane mchana umeshakasirika?”

Shangazi yeye hakuona tatizo lilipo. Alivaa miwani, akasoma kitabu chote kuanzia jalada, kurasa zote kwa mfuatano, na alipomaliza akasema ni hadithi nzuri sana, ila mimi sijaielewa. Mwenye kofia ni bwana mifugo. Mwenye begi ni mwizi wa kuku, na begi limejaa kuku wagonjwa anaowauza minadani, ndiyo maana kideri hakiishi vijijini. Bwana mifugo anafika usiku wa mvua, anapiga mlango teke, anakuta kuku shingo zimepinda, anawachanja wale wazima. Mkono umefungwa bendeji kwa sababu kuku hudonoa.

“Na aliyemtuma mwizi?” nikauliza.

“Si huyo hapo,” akasema, akamgusa jogoo kwa kidole. “Mtazame macho.”

Nilijaribu kubomoa hoja zake mpaka chakula kikapoa. Hazikubomoka. Begi, bendeji, mtumbwi, vyote vilikaa mahali pake vizuri kuliko alivyovipanga mwandishi. Asubuhi alimwita bwana mifugo wa kweli, kuku wote wa uani wakatiwa tone jichoni, na wajukuu wakakaa mstari kuangalia. Kitu kimoja tu kiliwasikitisha: bwana mifugo alikuja kichwa wazi.

Mimi niliporudi Musoma nilianza kumtafuta mpelelezi wangu. Msomaji asiniulize kwa nini. Mtu aliyesomewa kurasa za mwisho kwa malipo utoto wake wote anakuwa na deni moyoni. Nilipita maduka ya dawa za mifugo kuanzia Nyasho hadi Barabara ya Mukendo nikiulizia kijitabu cha ufugaji wa kuku wa kienyeji. Walikuwa nacho. Nikikifunua, kizima, kuku mwanzo hadi mwisho, nakirudisha.

“Kina nini?” muuzaji mmoja akauliza.

“Hakina kosa. Nataka chenye kosa.”

Alifunga droo ya pesa kwa ufunguo. “Mura, mtu anayeingia dukani kwangu kutafuta kibovu ni mtu wa kodi. Leseni ile pale ukutani.”

Aliyeniokoa ni yule mama wa kwenye basi. Tulikutana stendi ya Bweri, akanitambua kabla sijamtambua, akauliza kama nimeshawachanja. Nilipomsimulia shida yangu alicheka mpaka akaomba pa kukaa. Dada yake yumo kwenye kikundi cha wafugaji kule Bunda, na kikundi hicho, alisema, kina kijitabu ambacho ndani yake kuna mwanamume mwenye kofia.

Nilikwenda. Walikuwa wamekaa chini ya mwembe, akina mama wengi na babu mmoja aliyekuwa mlezi wa kikundi au alipenda kivuli, sikupata uhakika. Kijitabu kilitolewa ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo mawili. Niliponyosha mkono, mwenyekiti akakirudisha kifuani.

“Hizi ni nyaraka za kikundi, baba. Hazisomwi na asiye mwanachama.”

Nikatoa kiingilio. Nikaandikwa jina. Safu ya idadi ya kuku katibu aliiandika sifuri kwa kalamu nyekundu, akanitazama kwa huruma.

Ukurasa wa 9: teke, mlango unafunguka, risasi, mkono wa mpelelezi. Kumbe. Ukurasa wa 10: jambazi anaruka dirishani na begi lake. Mwenyekiti alinieleza kwamba kurasa hizi zimewasaidia sana. Mwezi ule ule walipokipata walipitisha azimio kwamba kila mwanachama awe na tochi na banda liwe na mlango wa bati, na tangu hapo hawajaibiwa hata kifaranga, jambo ambalo sungusungu wa mtaa walilichukulia kama dharau kwao. Nikaomba ukurasa wa 23. Hapo kimya kikatanda, na mama mmoja aliyekaa pembeni akaanza kuchambua mchele ambao tayari ulikuwa mweupe.

Jambazi, ameshikwa kola, anamaliza sentensi yake: aliyenituma ni mtu unayemfahamu vizuri, na pesa anazitunza yeye. Ukurasa wa 24 mpelelezi anashtuka. Mpelelezi anavuta pumzi. Mpelelezi anasema, haiwezekani. Chini kabisa, kwa herufi nene: ITAENDELEA.

“Sasa umeona,” mwenyekiti akaninong'oneza. Anayefahamika vizuri na anayetunza pesa ndani ya kikundi kile alikuwa mmoja tu. Hakuna aliyemtuhumu. Walimtazama tu, kikao baada ya kikao, mpaka akajiuzulu uweka hazina kwa hiari yake, na ndiye yule wa mchele. Mahesabu yalikaguliwa, yakakutwa sawa hadi senti, jambo lililozidisha wasiwasi.

Nilisimama nikawaeleza yote: karatasi nane, kurasa nne nne, mafundi, marundo mawili, chai. Nilichora chini kwa kijiti. Waliniita tena niwachoree. Mwishowe babu akasema maelezo ni mazuri, lakini anayezijua siri za jambazi kwa undani kiasi hiki naye achunguzwe. Mweka hazina wa zamani peke yake ndiye aliyenielewa, akanifuata hadi stendi kuomba jambo moja: toleo litakalofuata likitoka, nimletee mapema, jina lisomwe hadharani.

Halijatoka. Mimi ni mwanachama hai wa kikundi cha kuku Bunda, naishi Musoma, na kila baada ya miezi mitatu napigiwa simu mbili. Ya kwanza ni ya mwenyekiti, kunikumbusha siku ya chanjo; namjibu sina kuku, ananiambia nisikate tamaa. Ya pili ni ya mweka hazina wa zamani, akiuliza kama kofia imeonekana stendi. Namwambia bado, avute subira, na kwamba mimi binafsi simshuku hata kidogo.

Huwa ananyamaza kidogo, kisha anauliza: “Kwa nini umesema ‘binafsi’?”