Mkuu wa Idara, Kundi la 4

Jumatatu asubuhi, mbele ya kikao kizima, projekta ilionyesha jina la mkuu wa idara katikati ya wanafunzi wake wa stashahada. Kazi ya kwanza: hajawasilisha. Kazi ya kundi: 14 kati ya 20. Mkuu wa chuo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mkuu wa idara alimgeukia mratibu wa mfumo, naye mratibu akagundua ghafla kwamba waya wa projekta umelegea.

Mratibu huyo, mwandishi wa makala haya anamfahamu sana. Wanatumia mswaki mmoja.

Kosa lilianza kwa heshima. Mama mkuu wa idara aliomba "kuchungulia tu" kozi moja, mratibu akaona anayechungulia apewe ngazi ya chini. Akamsajili kama mwanafunzi. Mfumo haujui vyeo: makundi yalipopangwa kwa kubahatisha, ukamtupa Kundi la 4. Mwakilishi wa darasa akamtumia ujumbe kwamba anadaiwa shilingi 2,000. Akalipa, akidhani ni rambirambi. Zilikuwa za fotokopi.

Mfumo wenyewe ni Moodle, uliobuniwa na Martin Dougiamas huko Perth, Australia. Toleo la 1.0 lilitoka 2002. Tangu toleo la 1.7, la 2006, kila ngazi ni fungu la ruhusa ndogondogo, na kila ruhusa ina hali nne: haijapangwa, ruhusu, zuia, piga marufuku. Kilichozuiwa juu chaweza kuruhusiwa tena chini, ndani ya kozi. Kilichopigwa marufuku hakifunguki huko chini, hata mtu avae kofia tano. Halafu kuna suala la mahali: ualimu ukitolewa kwenye kozi hufungua chumba kimoja, kwenye fungu la kozi, ghorofa nzima, kwenye mfumo mzima, nyumba yote pamoja na jiko. Mratibu alikesha akisoma haya kwa raha ya mtu anayesikiliza fitina za ukoo.

Hapo ndipo alipofika kwenye ngazi ya mwalimu asiyehariri. Huyu husahihisha na kuweka alama, ila kwa kawaida hawezi kufuta hata herufi iliyozidi kwenye swali, wala kumtoa mtu kwenye kozi. Chuoni hapo ngazi hiyo ni ya walimu wa muda, si kwa usalama wowote, bali kwa sababu ni wa muda. Mwenye kozi, mwenye ruhusa zote, hajaingia tangu muhula uanze. Wa muda ndiye aliyesahihisha kazi zote, akaliona jina la bosi, akamwandikia mratibu mara mbili. Barua pepe zote mbili zilikuwa hazijafunguliwa, chini ya mwaliko wa semina ya huduma bora. Angefanya nini? Alama ya kundi huenda kwa wote waliomo, na malipo yake ya muhula uliopita yalikuwa bado yanasubiri saini. Saini ya nani, kila mtu kikaoni alijua.

Jumanne mratibu alimpa mama ualimu, wa mfumo mzima. Jumatano wahasibu walipiga simu kuuliza anatafuta nini kwenye kozi zao. Alhamisi mratibu, akirekebisha, alijiondolea mwenyewe ngazi yake ya umeneja wa mfumo.

Ijumaa mama aliingia ofisini, akafunga mlango. Mratibu akamwamkia mara mbili.

"Marahaba. Sisi Kundi la 4 tumepata 14," alisema. "Kundi la 1 wamepata ngapi?"