Luku ya Tarehe Mosi

Ikifika tarehe 1, katika nyumba moja ya vyumba sita kule Tandika, Dar es Salaam, hakuna anayetaka kununua umeme wa Luku. Mita inalia, uniti zimebaki mbili, na ghafla kila mpangaji ana shughuli nyingine. Wa chumba cha pili amekwenda kumwona mgonjwa. Wa chumba cha tatu simu yake imezima. Wa chumba cha mwisho, jirani na choo, amelala tangu magharibi, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu ahamie. Mwenye nyumba, mzee anayekaa vyumba vya mbele, naye anasubiri taarifa ya habari huku akijua fika kwamba haitafika mwisho.

Chanzo cha usingizi huo kinajulikana. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia Luku. Nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na Julai 2023 ikapanda kuwa 1,500. Makato huja kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Kwa hiyo anayekuwa mwepesi wa kuweka umeme ndiye anayemlipia mzee kodi ya nyumba ambayo hana hata tofali moja ndani yake. Utaratibu ulipoanza, wapangaji waliambiwa waelewane na wenye nyumba ili warudishiwe hela zao. Waliosema hivyo bila shaka hawajawahi kusimama mbele ya mzee wa miaka sabini, wakamwambia shikamoo, wakaitikiwa marahaba mwanangu, kisha wakamdai buku jero.

Huko nyuma kulikuwa na sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba. Ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mambo mengi yamebaki mikononi mwa mkataba. Wa nyumba hii ulinunuliwa steshenari, ukatolewa kopi hadi maandishi yakafifia, na kifungu chake cha saba kinakataza kufuga ng'ombe ndani ya chumba. Kuhusu umeme wa kuchangia hausemi neno. Kuhusu maji, zamu ya kufagia uani, wageni wanaolala wiki tatu, kimya vilevile. Ng'ombe tu ndiye aliyefikiriwa.

Kodi ya chumba yenyewe hulipwa miezi sita kwa mkupuo, na hiyo ina majira yake ya adabu. Mwezi wa kwanza mpangaji hupita koridoni kifua mbele. Mwezi wa tano huanza kumpokea mzee mfuko wa soko na kuuliza habari za miguu.

Lakini kesi iliyoitikisa nyumba hii ilikuwa ya friji. Mama wa chumba cha tatu alinunua dogo la mtumba, auze barafu na juisi ya ukwaju. Wiki haikuisha, kila uniti iliyopungua ikawa ya friji. Fundi cherehani wa chumba cha pili ndiye aliyepiga kelele zaidi. "Sisi tuna taa tu," alisema, akiwa ameshika pasi ya moto mkononi.

Hapo ndipo hesabu inapochekesha. Taa ya wati 10 inaweza kuwaka saa mia moja kwa uniti moja. Pasi ya wati 1,000 humaliza uniti hiyo hiyo kwa saa moja, na fundi alikuwa ananyoosha sare za shule za mtaa mzima. Kuna hasara nyingine ambayo hakuna aliyeiona: mteja mdogo wa shirika la umeme, TANESCO, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hupewa bei nafuu sana. Mmoja mmoja, wapangaji hawa wangestahili karibu wote. Wakikusanywa kwenye mita moja wanaonekana kuwa mtumiaji mkubwa, na wanatozwa hivyo.

Baraza lilikaa uani, mjumbe akaitwa. Alisikiliza, akanywa juisi ya ukwaju ya baridi, na akasema haoni ubaya wa friji. Busara yake halisi ilikuja baadaye: kila chumba kifungiwe mita ndogo. Mzee alikubali kwa sharti kwamba wapangaji walipie fundi umeme; wapangaji walikubali kwa sharti kwamba buku jero ya jengo iwe ya mzee, iandikwe nyuma ya mkataba. Yakaandikwa yote mawili.

Mwezi wa kwanza mita zikasomwa. Friji ilikula kiasi chake, lakini chumba cha pili kiliongoza kwa mbali. Fundi cherehani aliikagua mita yake, akaigonga kwa kidole, akadai mbovu. Wiki iliyofuata alionekana sokoni akiulizia bei ya pasi ya mkaa.

Amani ingekuwa kamili kama si taa ya korido. Haikuwa kwenye mita ya yeyote. Mzee alisema yeye halali koridoni. Wa chumba cha mwisho alisema safari yake ya chooni ni hatua nne, haihitaji taa. Ikazimwa, na watu wakawa wanapita usiku kwa tochi za simu, kila mmoja akimmulika mwenzake usoni.

Hali iliendelea hivyo hadi usiku mmoja mzee alipotoka kwenda kudai kodi ya chumba cha nne, bila tochi, akakutana na ndoo ya maji ya mama wa friji. Wapangaji wote walitoka kumwinua. Asubuhi fundi umeme aliitwa kwa haraka, na taa ya korido ikaunganishwa kwenye mita ya mzee mwenyewe. Swichi yake, hata hivyo, aliifunga chumbani kwake, na ikifika saa nne usiku huizima bila kumuuliza mtu.