Shajara ya Mkaguzi wa Ruzuku, Iowa

Jumatatu. Nyuzi 14 chini ya sifuri. Kaunti imenipa chumba cha kukagulia, ambacho ni stoo ya mapambo ya Krismasi. Kompyuta yangu imekaa kati ya kondoo wawili wa plastiki na Yusufu. Mweka hazina ameuliza kwa upole kama naweza kurudi zangu. Kasikia kiwango cha kukaguliwa kimepanda hadi dola 1,000,000 za ruzuku ya serikali kuu, nao walitumia pungufu kidogo. Kimepanda kweli, ila kwa mwaka wa fedha ulioanza Oktoba 1, 2024 au baadaye. Mwaka wao ninaoukagua ulianza Julai 1 ya mwaka huohuo. Basi wamebaki kwenye dola 750,000, nami nimebaki na Yusufu.

Jumanne. Jenereta ya fedha za FEMA, shirika la maafa la serikali kuu. Mali kama hii hutakiwa kuhesabiwa kwa macho angalau mara moja kila miaka miwili. Ufunguo wa banda anao fundi, na fundi yuko ziwani anavua samaki kwenye barafu. Simu hapokei, glavu, nadhani. Kibandiko chenye namba ya jenereta nimekikuta kwenye friji ya jikoni. Daftari la mali linasema "hali nzuri". Nimefungua. Maziwa ni baridi.

Jumatano. Mahudhurio ya mtumishi anayelipwa nusu mshahara na ruzuku ya chanjo. Keshajaza hadi Ijumaa ya wiki ijayo, na msimamizi kasaini. Nimemuuliza. Amesema kazi yake haina mambo mengi.

Usiku mama mdogo kapiga simu kutoka Tanga. Kaitikia shikamoo nusu, anataka kujua nimeshamkamata nani.

"Friji, mama mdogo."

"Imeiba?"

"Imeandikwa jenereta."

Kanyamaza, kisha kauliza kama nakula vizuri.

Alhamisi. Kwa mkataba wa dola 25,000 na kuendelea, mkandarasi huangaliwa kwanza kama hajafungiwa fedha za serikali. Karani kaniletea uthibitisho. Mkataba ni wa Machi mwaka jana. Karatasi ina tarehe ya leo na bado ina joto la printa. Mkandarasi ni safi kabisa. Hoja nimeiandika vilevile, maana kuangalia kunatangulia saini.

Ijumaa. Fundi karudi, banda limefunguliwa. Jenereta ipo, inang'aa, na ina kibandiko. Cha friji.

Mweka hazina ameuliza kama hiyo ni hoja moja au mbili.