Edward Said na Edward Saidi

Mwaka 1978 Edward Said, Mpalestina, alitoa kitabu chake Orientalism, akaeleza jinsi Wazungu walivyojichorea Mashariki yao ya masuria na ngamia, kisha wakaja kuitawala. Richard Burton, kwa mfano, alipita pwani yetu mwaka 1857, akatusimanga juzuu mbili nzima, halafu akaenda kutafsiri Alfu Lela Ulela. Basi, hongera zake Said. Ila Kinondoni tulikuwa na Edward Saidi wetu, Tingatinga, aliyeanza mwaka 1968 kuchora wanyama kwenye hadibodi kwa rangi ya baiskeli, akawauzia Wazungu pale Morogoro Stores, Oysterbay. Yule alilalamika, wa kwetu alitoza.

Warithi wake wapo. Kijana wa Temeke, ambaye simba anamjua kwa noti ya shilingi 2,000, anamchora mchana kutwa, sharubu moja moja, Kilimanjaro kwa nyuma. Siku akithubutu kuchora daladala la Mbagala, abiria wakiingilia dirishani, mteja anauliza kwa upole kama ile Afrika halisi ipo.

Ipo, mama. Subiri kidogo, rangi haijakauka.