Kutoka Saba Hadi Moja: Watia Nia Walionihamisha Moyo

Rudi nami mwaka 2015. Rais Kikwete wa Tanzania anamaliza kipindi chake cha pili, chama tawala, CCM, kinatafuta mrithi. Fomu ya kuomba uteuzi ni shilingi milioni moja. Wadhamini ni 450 kutoka mikoa 15, na mitatu kati ya hiyo lazima iwe ya Zanzibar. Makada 42 wakachukua, 38 wakarudisha. Mimi sikuwa mjumbe wa kikao chochote, nilikuwa mpiga kura wa kijiwe cha kahawa. Kuanzia Mei hadi Julai moyo wangu ulihama mara saba na sijutii hata moja, maana anayechagua kabla ya kuwasikiliza wote ananunua embe gizani.

Nimewapanga kwa nguvu ya kunihamisha, siyo kwa ubora. Ukiona nimekosea, kaa hapa kwenye benchi tubishane.

7. Wasiojulikana
Wale makada ambao hata balozi wa nyumba kumi alihitaji kuuliza ni akina nani. Kulipa milioni, kisha kupanda basi mkoa hadi mkoa na boti ya Zanzibar kusaka saini, kunahitaji kifua. Nikawashangilia tangu kikombe cha kwanza mpaka cha pili.
*Hukumu:* Ujasiri kumi, nafasi sifuri. Heshima yangu wanayo mpaka leo.

6. Mizengo Pinda
Waziri Mkuu aliyejiita mtoto wa mkulima. Jina tamu, likanigusa. Kisha nikatazama pale kijiweni: muuza kahawa, fundi viatu, dereva wa daladala, mwalimu mstaafu. Wote watoto wa wakulima!
*Hukumu:* Kwa sifa hiyo peke yake, nchi nzima ingechukua fomu.

5. Makongoro Nyerere
Alitangaza nia kwao Butiama, akazungumza kama mtu anayepiga soga na majirani, bila kumung'unya maneno. Nilicheka, nikahama. Tatizo ni kwamba kila alipofungua mdomo, sisi tulimsikiliza baba yake, Mwalimu Nyerere.
*Hukumu:* Jina la Mwalimu linafungua mlango wowote, ila mgeni akiingia anaulizwa habari za mzee.

4. January Makamba
Miaka 41, naibu waziri, na maneno yake yamepangwa. Wazee wa kijiwe wakasema asubiri zamu yake. Kamati Kuu ilipotoa majina matano kule Dodoma, tukahesabu waliokatwa: Makamu wa Rais Bilal, Waziri Mkuu aliye madarakani, na Mawaziri Wakuu wawili wa zamani. Naibu waziri kabaki! Wazee wakaagiza kahawa nyingine, safari hii bila kashata.
*Hukumu:* Hakufika tatu bora, lakini neno "subiri zamu yako" lilipata ufa siku ile.

3. Edward Lowassa
Najua, najua. Wewe ungemweka namba moja. Tulia.

Mwisho wa Mei alijaza uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, na safari yake aliyoiita ya matumaini. Nikasema umati huu hauwezi kukosea. Kisha nikakumbuka Februari 2008, alivyojiuzulu uwaziri mkuu kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond, nikarudi nyuma. Julai jina lake likakatwa bila hata kufika kwa wajumbe wapige kura, nikamwonea uchungu, maana mwenye wafuasi wengi hivyo alistahili kushindwa kwa kura. Tarehe 28 Julai akahamia chama cha upinzani cha Chadema. Hapo kijiwe kikapinduka chini juu. Waliomsema vibaya miaka saba wakawa mawakili wake, waliomwimba wiki mbili nyuma wakaanza kusimulia Richmond kana kwamba imetokea jana. Ndugu wawili walibadilishana viti na hoja, kikombe kila mtu akabaki na chake.
*Hukumu:* Mtu mmoja, mihamo ya kijiwe kizima. Oktoba, kwenye uchaguzi wa Rais, alipata asilimia 39.97 ya kura, nami naamini nyingi zilikuwa za waliohama kama mimi.

2. John Magufuli
Hakujaza uwanja wala hakualika bendi. Alichukua fomu, akatafuta wadhamini, akakaa kimya. Sisi tulimjua kama waziri wa ujenzi anayetaja kilomita za barabara kichwani kama mtoto anavyotaja jedwali la mara mbili. Hakuna aliyemtaja kijiweni mwezi Juni, na mwezi Julai kila mtu alidai alimtaja.
*Hukumu:* Kura 2,104 kati ya 2,416 za Mkutano Mkuu. Kimya chake kilishinda spika zote.

1. Amina, Asha-Rose na ambaye hakuchukua fomu
Hapa ndipo nataka ubishi hasa. Tatu bora ilikuwa na Magufuli na wanawake wawili. Balozi Amina Salum Ali alikuwa ameuwakilisha Umoja wa Afrika huko Marekani. Dkt. Asha-Rose Migiro aliwahi kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Miezi miwili ya kubishana, na sisi wanaume wa kahawa hatukuwapa hata dakika tano! Walipata kura 253 na 59, na mimi nikahama kwa mara ya mwisho, nikiwa nimechelewa, nikijiuliza wasifu wao ulipungukiwa nini.

Kisha Magufuli akamtaja mgombea mwenza wake: Samia Suluhu Hassan. Kwenye wale 42 hakuwamo. Hakutafuta mdhamini hata mmoja. Tarehe 19 Machi 2021, baada ya kifo cha Magufuli, aliapishwa kuwa Rais.
*Hukumu:* Tulihesabu fomu zote, tukasahau kuhesabu watu.

Haya, sema. Lowassa apande, Makongoro ashuke? Kahawa ya kwanza nalipa mimi. Ya pili atalipa aliyeshindwa hoja.