Shukrani kwa Shilingi Moja

Kwa Mheshimiwa Meneja,
Kitengo cha Wateja Waaminifu,
Supamaketi Yetu Pendwa,
Nairobi.

KUH: POINTI ZANGU

Naandika kukushukuru kwa ukarimu wako. Kila nikitumia shilingi 100 dukani mwako napata pointi moja, na pointi moja ni shilingi moja. Kwa hiyo nikishanunua bidhaa za shilingi 17,000, napewa pakiti ya unga ya shilingi 170 bure kabisa! Wenye wivu wanasema duka la jirani huuza unga huohuo kwa shilingi 165, bila kadi, na kwamba punguzo hilo ni karibu asilimia 3 ilhali wewe unanipa 1. Nimewapuuza. Hawajui raha ya kuulizwa na keshia mbele ya foleni nzima, "Una kadi ya pointi?"

Nakushukuru pia kwa kunifahamu. Nilikupa jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu na tarehe ya kuzaliwa. Nepi zilikuambia nimepata mtoto. Sabuni ya kipande ikakuambia mshahara umechelewa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaniruhusu nikuulize habari hizo unazifanyia nini, ila naona haya, tusije tukakosana kabla sijafikisha pointi za unga. Mama mboga wangu hunitilia dania juu ya sukuma wiki papo hapo, wala hajawahi kudai kitambulisho. Biashara yake haina maono.

Linaloninyima usingizi ni moja tu. Pointi hizi ni deni lako kwangu, lakini wewe mdaiwa ndiwe unayepanga thamani yake, siku ya kulipa na siku ya kulifuta. Supamaketi ya Nakumatt nayo ilikuwa na kadi yake. Wadai walipopiga kura ya kuifunga Januari 2020, mwenye pointi angezitumia kwenye rafu zipi? Mwaka 2022 kampuni ya simu ya Safaricom ilitangaza mpango wa kufuta pointi za wateja wake, ziitwazo Bonga, zilizozidi miaka mitatu. Mkopo wangu wa benki nao umezidi miaka mitatu, lakini huo haufi, unazaa.

Kwa kuwa wema hulipwa kwa wema, nami nimekuanzishia mpango. Kuanzia mwezi huu, mafuta ya kupikia nitayalipia kwa pointi ninazozitoa mwenyewe. Zihifadhi. Zikifika 1,000, njoo nyumbani Jumanne, kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, na kitambulisho halisi. Ukinikosa, au ukikuta nimebadilisha utaratibu bila kukuarifu, ujue zimekwisha muda.

Ukiona mpango huu hauna faida kwako, basi ipunguze shilingi hiyo moja ya kila mia palepale kwenye bei ya rafuni, kwa kila mteja, nami kadi yako nitairudisha siku hiyohiyo.

Wako mwaminifu,
Mteja.

(Vigezo na masharti kuzingatiwa.)